UZI: Mgonjwa wa nimonia ya virusi akipimwa ini na majibu yakatoka juu, yanatabiri nini hasa? Wa Kanda ya Ziwa tuongee

Mzungusha Damu

Wakuu habari za jioni, poleni na joto. Mimi nipo Mwanza hapa, kazi yangu maabara, mwaka wa kumi na mbili huu nazungusha damu na kusaini majibu ya watu. Huu uzi nimekaa nao moyoni muda mrefu na leo nimeamua kuuandika kwa sababu ya simu niliyopigiwa saa kumi na moja alfajiri na binamu yangu wa Sengerema. Baba yake, ambaye kwangu ni baba mkubwa, alikuwa siku ya saba anaumwa homa na kikohozi, mwili hauna nguvu, chakula hakipiti, wakampeleka kituo fulani wakatoa damu wakarudi nyumbani na karatasi. AST 118, ALT 71, vipimo vya ini ambavyo mwisho wa kawaida ni kama 40. Chini yake mtu kaandika kwa kalamu kwamba ini limeathirika. Basi ukoo mzima umekesha unajadili ini, huyu anasema ni zile pombe za ujanani, yule anasema kuna mzee kule Geita anatoa dawa ya kusafisha ini, na kuna ng'ombe alishatafutiwa mnunuzi ili hela ya hiyo dawa ipatikane.

Nikamuuliza binamu swali moja tu, mzee anapumua mara ngapi kwa dakika? Kimya. Nikamwambia usikate simu, iweke chini, mwangalie kifua kinavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima na usimwambie kwamba unahesabu. Akarudi akasema thelathini na nne, kasi mno. Nikamwambia jambo la ini liacheni kwanza, tafuteni gari sasa hivi mje mjini, daraja la Kigongo–Busisi lipo siku hizi hamna cha kusubiri kivuko.

Nitarudi kwa baba mkubwa. Sasa ngoja niseme lile lililonikaa.

Kwanza jina lenyewe linapotosha. Tunaviita vipimo vya kazi ya ini lakini AST na ALT havipimi kazi yoyote. Ni vimeng'enya, enzaimu kama tulivyozisoma shule, vinakaa ndani ya seli, seli ikiumia vinavuja kwenye damu na sisi ndo tunavikuta huko. ALT kwa sehemu kubwa kweli inatoka ini. AST lakini ipo kwenye ini, ipo kwenye misuli, ipo kwenye moyo, kwenye figo, mpaka ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo ukiona AST peke yake imepanda bado hujajua nani kaumia, umejua tu kuna seli mahali zimevuja. Vinavyokupa picha ya kazi ya ini ni albumini (protini ya damu), bilirubini (ile rangi inayofanya macho yawe ya njano) na muda wa damu kuganda, na hivi ndivyo watu wengi wanavipita bila kuvisoma kwa sababu mara nyingi havina ule mshale wa kutisha.

Sasa je vinatabiri? Vinatabiri, ndiyo, tena kuna takwimu nzuri za UVIKO. Wachina walipotoa ripoti yao ya mwanzo ya wagonjwa 1,099 mwaka 2020, AST ya zaidi ya 40 ilikuwepo kwa kama asilimia 22 ya wote, ila ukiwagawa, waliokuwa na ugonjwa mkali ilikuwa asilimia 39 na wale wa kawaida asilimia 18. Ikaja nyingine ya mkoa wa Hubei, wagonjwa 5,771, wakaona kwa wale wanaozidiwa AST ndiyo inayoanza kupanda halafu ALT inafuata nyuma, na katika vipimo vyote vya ini walivyoviangalia AST ndiyo iliyokwenda sambamba na vifo kuliko vingine. Watu wa Boston nao wakajiuliza hiyo AST isije ikawa inatoka kwenye misuli maana virusi hivi vinauma misuli sana, wakailinganisha na CK ambayo ndiyo kipimo cha misuli, wakakuta AST inatembea na ALT, haitembei na CK. Maana yake kwa sehemu kubwa ni ini kweli linalovuja.

Lakini ini linavuja kwa nini wakati ugonjwa upo kwenye mapafu? Hapa ndo pa muhimu na hapa ndo watu wanapopotea.

Waliokaa Mwanza wanajua zile nyumba za juu kwenye mawe, Igogo, Bugarika, Mabatini kule. Presha ya maji ikipungua bombani nyumba za chini bado zinakinga ndoo, za juu mlimani zinakauka kwanza. Ini lipo hivyohivyo. Kama robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini inatoka kwenye utumbo kupitia mshipa mkubwa wa ini, na hiyo ni damu ambayo oksijeni yake imeshatumiwa njiani. Halafu ndani ya ini lenyewe damu inapita kwenye safu za seli, zile za mwisho karibu na mshipa wa kutokea ndizo zinazopata masalia. Sasa mapafu yakijaa nimonia, oksijeni ya mwili mzima ikashuka, hizo seli za mwisho ndizo nyumba za juu ya mlima. Zinaanza kuvuja. Ongezea ule moto wa uvimbe unaowashwa na kinga ya mwili yenyewe, ongezea moyo upande wa kulia ukizidiwa na damu kurudi nyuma na kujaa kwenye ini, ongezea dawa tunazompa mgonjwa. Kirusi chenyewe nacho kinaweza kugusa ini, mlango wake ule unaoitwa ACE2 upo zaidi kwenye seli za mirija ya nyongo kuliko seli za kawaida za ini, ila kwa wagonjwa wengi hilo siyo shina la tatizo.

Kwa hiyo AST 118 ya baba mkubwa ilikuwa moshi, na watu walikuwa wanakimbizana na moshi wakati moto upo kifuani.

Nyamagana Kwetu

Mkuu tupo tunasoma, shusha nondo. Swali dogo, hivi kuna namba ambayo ukiivuka ndo basi? Mfano wanasema mara tatu ya kawaida.

Mzungusha Damu

Mkuu Nyamagana asante kwa swali. Hamna namba ya basi. Nikupe wagonjwa wawili ambao nilipima damu zao mwenyewe, wimbi lile la UVIKO la katikati ya mwaka 2021, sitataja pahali.

Wa kwanza kijana wa bodaboda, miaka 29, ALT 240. Mara sita ya kawaida. Damu nilirudia mara mbili nikidhani mashine imekosea. Oksijeni yake asilimia 97, anapumua vizuri, anaongea sentensi nzima bila kukata. Alikaa siku mbili akaruhusiwa. Baadaye akapimwa homa ya ini B akakutwa nayo, kumbe lile ini lilikuwa na mambo yake ya zamani na UVIKO ulikuwa mgeni tu aliyekuta nyumba ina wenyewe.

Wa pili mama wa miaka 61, mfanyabiashara wa dagaa. AST 66, ALT 38. Ukiiangalia ile karatasi haraka unasema huyu afadhali. Lakini albumini yake ilikuwa 23 wakati ya kawaida inaanzia 35, na oksijeni 81. Alifariki siku ya nne. Ile 23 nimeisaini mimi na mpaka leo nikiona albumini ya ishirini na kitu mkono unasimama kwanza.

Albumini naomba tuizungumze maana ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwenye ile karatasi. Ni protini inayotengenezwa na ini, na ikishaingia kwenye damu inachukua kama siku 20 kabla ya nusu yake kwisha. Sasa fikiria, mtu kaumwa siku saba na albumini imeshuka hadi 23, haiwezekani ikawa ni kwamba ini limeacha tu kutengeneza, siku zenyewe hazitoshi. Inachomaanisha ni kwamba mishipa ya damu imekuwa na matundu na albumini inavuja kwenda nje, na ini nalo limeacha kazi ya kawaida linatengeneza protini za vita kama CRP. Hiyo ni picha ya mwili mzima ulioingia vitani. Ndo maana albumini ya chini imehusishwa na hali mbaya kwenye UVIKO na kwenye influenza pia. Ila tahadhari, kwetu huku mtu anaweza kuwa nayo chini kabla hajaumwa, kwa lishe duni, figo, kichocho cha muda mrefu. Ukiwa na karatasi yake ya zamani ilete, karatasi ya zamani ni mali.

Tabibu Zamu

Mkuu Mzungusha nimekufuata vizuri na mengi naungana na wewe ila naomba nikupinge kidogo kwa nia njema. Usije ukawafanya watu waone vipimo vya ini havina maana. Mimi nipo wodini, mgonjwa akiingia na AST 40 kesho 90 keshokutwa 200 mimi silali. Hiyo imeshaniokolea watu.

Mzungusha Damu

Daktari nakushukuru na hapo umesema neno ambalo nilitakiwa niliweke juu kabisa. Ulichokitaja wewe ni mwendo. Namba tatu kwa siku tatu. Namba moja ni picha ya mnato, tatu ni video. AST inayopanda kila siku kwa mgonjwa wa nimonia ni kengele, na inapokwenda kwenye maelfu ghafla hiyo mara nyingi ni ini lililokosa damu na oksijeni, huyo ni mahututi hata kama jana alikuwa anaongea. Bilirubini nayo kwa UVIKO mara nyingi inabaki kawaida, ikianza kupanda katikati ya ugonjwa usiipuuze, ndiyo maana ile hesabu ya SOFA ya wagonjwa wa ICU inaihesabu bilirubini na inaanza kuipa alama kuanzia mikromoli 20 hivi kwa lita.

Ninachokataa ni ule mtindo wa mtu kupima mara moja na kuhukumu. Na kuna jambo moja lazima tulikubali. Waingereza walipotengeneza hesabu yao ya kutabiri vifo vya UVIKO hospitalini, ile ya 4C ya mwaka 2020, walikuwa na vipimo vya kila aina mezani. Mwishoni walibaki na vitu vinane, umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine, kasi ya kupumua, oksijeni, fahamu, urea (taka ya damu inayotolewa na figo) na CRP. AST haimo wala ALT. Siyo kwamba hazisemi kitu, ila sehemu kubwa ya zinachokisema imeshasemwa na oksijeni na kasi ya kupumua, na hivyo viwili vinapatikana hata zahanati ya kisiwani bila kumchoma mtu sindano. Hilo kwangu ni kubwa sana. Maana mzazi wangu akiwa kisiwani Ukara mashine ya kupima AST inaweza isiwepo, lakini saa yenye mshale wa sekunde ipo.

Tabibu Zamu

Hapo tumeelewana kabisa. Naongezea deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Ile dawa iliyopunguza vifo wakati ule, jaribio la RECOVERY, ilisaidia wanaohitaji oksijeni, ambaye hakuhitaji oksijeni hakunufaika. Kwa hiyo hata uamuzi wa dawa ulikaa kwenye oksijeni, haukukaa kwenye ini. Na kwa Kanda ya Ziwa mtu mwenye homa ya ini B ukimpa steroidi kile kirusi kinaweza kuamka, kwa hiyo sababu yangu kubwa ya kuuliza habari za ini ni kujua nampa dawa nani.

Mama Kulwa

Samahani wanangu mimi siyo wa kada ya afya ila nimesoma yote. Nina wajukuu pacha wana miaka mitano mafua yamewashika na homa, jirani kasema niwape aspirini kidogo ishushe homa. Nimesikia ini na mafua mkitaja pamoja nikaogopa. Naomba kueleweshwa.

Mzungusha Damu

Shikamoo mama. Umefanya vizuri mno kuuliza, tafadhali usiwape aspirini. Mtoto mwenye mafua ya influenza au tetekuwanga akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa unaoitwa Reye, ni nadra lakini ni mbaya sana, ini linajaa mafuta na ubongo unavimba, mtoto anaanza kutapika mfululizo halafu anachanganyikiwa au anasinzia kusikoeleweka. Wape paracetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wao, maji ya kutosha, na uangalie wanavyopumua. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, wakishindwa kunyonya au kunywa, wakilegea, wapeleke haraka. Na homa huku kwetu mama wapimwe malaria pia, usiseme tu ni mafua.

Kuna watoto wengine wakipona influenza wanaanza kulia miguu inauma hawataki kutembea, hiyo ni misuli ya ndama imevimba, ukiwapima AST inakuwa juu na mtu atasema ini, wakati hapo ni misuli na CK ndo itakayosema ukweli.

Mama Kulwa

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Aspirini nimemrudishia mwenyewe.

Mvuvi wa Irugwa

Mkuu mimi nina la kwangu. Kichocho nimekuwa nacho tangu utoto, ziwani ndo maisha yetu. Mwaka juzi nilitapika damu nikapelekwa Bugando wakanifunga mishipa kwa kamera. Sasa vipimo vyangu vya ini siku zote wananiambia vizuri, ALT 28. Iweje mtu atapike damu kwa ajili ya ini na vipimo vizuri? Na nikipata hiyo nimonia je, watasema mimi ini langu zima?

Mzungusha Damu

Pole sana mkuu, na hili swali lako ndilo lililonifanya niandike "Kanda ya Ziwa" kwenye kichwa cha uzi.

Kichocho cha utumbo, mansoni, mayai yake yanakwama kwenye vijishipa vinavyoingiza damu kwenye ini na kuzungushia makovu. Damu inashindwa kupita, presha inapanda nyuma, bandama linakuwa kubwa, mishipa ya koo inavimba na ndiyo inayopasuka ukatapika damu. Lakini seli za ini zenyewe zipo hai, hazijapasuka, kwa hiyo hazivuji, ALT inatoka 28 safi. Yaani bomba limeziba lakini nyumba hazijabomoka. Kwa hiyo ukilazwa kwa nimonia sema mwenyewe kwa mdomo wako, mimi nina kichocho cha ini na nimeshatapika damu, maana karatasi haitakusemea. Daktari akijua ataangalia chembe sahani (zile za kugandisha damu), ultrasaundi, na atakuwa mwangalifu na dawa zinazochubua tumbo au kuzuia damu kuganda.

Na ndiyo maana nasema zile namba za Uchina na Uingereza hatuwezi kuzibandika tu huku kama zilivyo. Fikiria mtu wa Kanda ya Ziwa anayeingia na kikohozi na homa. Anaweza kuwa na malaria, chembe nyekundu zinapasuka, AST inapanda na bilirubini inapanda, nimonia haihusiki. Anaweza kuwa na selimundu, na kanda yetu inayo kwa wingi, huyo AST na bilirubini zake ziko juu hata akiwa mzima anacheza mpira. Anaweza kuwa na homa ya ini B, chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002 kwa hiyo sisi watu wazima tulio wengi hatukuipata utotoni. Anaweza kuwa anatumia dawa za TB. Anaweza kuwa mnywaji wa gongo, huyo ini likishaumia AST mara nyingi inaizidi ALT, hata zaidi ya mara mbili. Kuna ule uwiano wa AST kwa ALT alioueleza De Ritis mwaka 1957, watu siku hizi wanaupenda wanasema ukiwa juu UVIKO utakuwa mbaya, sasa mnywaji wa gongo uwiano wake unaweza kuwa juu tangu zamani, utamtabiria nini?

Sisemi tusipime. Nasema tupime tukijua tunampima nani.

Doto_Buzuruga

Mkuu umetaja dawa za TB. Mdogo wangu yupo mwezi wa pili wa TB, kapata mafua makali na kikohozi kimezidi, ALT imetoka 130. Aache dawa?

Mzungusha Damu

Asiziache mwenyewe kwa uamuzi wa nyumbani, hilo kwanza. Mwongozo wanaoufuata wataalamu ni kwamba dawa zinasimamishwa ALT ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu na mgonjwa ana dalili, yaani kutapika, tumbo kuuma upande wa kulia juu, macho ya njano, au ikizidi mara tano hata kama hana dalili. 130 ipo mara tatu na kidogo kwa kiwango cha 40, kwa hiyo kila kitu kinategemea dalili zake. Kesho asubuhi arudi kliniki yake ya TB na hiyo karatasi, asisubiri tarehe. Akiona macho ya njano au anatapika usiku huu aende usiku huu huu. Na muulize anameza paracetamoli ngapi, watu wenye mafua wanameza za vidonge, halafu wanakunywa na ile dawa ya mafua ya unga ambayo ndani yake ina paracetamoli hiyohiyo. Mtu mzima mwisho ni gramu nne kwa siku, vidonge nane vya 500, na mwenye ini dhaifu au mwembamba sana daktari anampunguzia chini ya hapo.

Nyamagana Kwetu

Na wenye ini bovu kabisa, la makovu, wakipata nimonia ya virusi inakuwaje?

Mzungusha Damu

Hao ni kundi lingine na hapa ini linatabiri kweli kweli. Kuna rejista ya nchi 29 iliyokusanya wagonjwa 745 wenye magonjwa sugu ya ini waliopata UVIKO. Wenye makovu ya ini, yaani sirosisi, walifariki asilimia 32, wasio na sirosisi asilimia 8. Na kadiri ini lilivyochoka ndivyo ilivyozidi, daraja A asilimia 19, B 35, C 51. Sasa angalia, hayo madaraja yanahesabiwa kwa albumini, bilirubini, kuganda kwa damu, maji tumboni na fahamu. AST na ALT hazimo pia. Na wengi wao kilichowaua ni mapafu kushindwa.

Niongeze moja la upande wetu sisi wa maabara kwa sababu lawama nyingine ni zetu. Damu ikichotwa kwa sindano nyembamba na kuvutwa kwa nguvu, au chupa ikatikiswa, au ikasafirishwa kutoka kisiwani kwa masaa juani bila kutenganishwa seramu (yale maji ya damu), chembe nyekundu zinapasuka na AST inapanda kwenye chupa, siyo mwilini. Potasiamu nayo hivyohivyo. Seramu inakuwa na rangi ya juisi ya zabibu. Sampuli ya hivyo inatakiwa ikataliwe ichotwe nyingine, ila mgonjwa ametoka mbali, foleni ndefu, anayechukua majibu anagomba, mtu anaipitisha. Nimeshaona. Kwa hiyo ndugu mkiambiwa damu imepasuka tunaomba tuchote tena, vumilieni, msione tunawasumbua.

Mzungusha Damu

Mrejesho wa baba mkubwa, maana wengi mmeniuliza inboksi.

Walifika saa tatu asubuhi siku ile. Oksijeni 84. Kipimo cha haraka cha UVIKO chanya, malaria hasi, homa ya ini B hasi. Akawekwa oksijeni na deksamethasoni, tukachukua damu upya, albumini 29, AST 141. Siku ya pili AST 150, mimi na daktari wa zamu tukawa tunatazamana tu. Siku ya tatu 102. Oksijeni ikaanza kushikilia 93 kwa mtungi wa kiwango cha chini, usiku ule ndo nililala.

Jana binamu kanipigia tena kwa hofu, kasema kaka majibu ya leo yamegeuka, AST imeshuka 58 lakini ALT ipo 96, imeizidi, ini si ndo linaharibika sasa? Nikamweleza, AST kwenye damu nusu yake inaondoka kwa kama saa 17, ALT inachukua kama saa 47. Zote mbili zimeacha kumwagwa, ila moja ina miguu myepesi imeondoka na nyingine bado inajikongoja mlangoni. Kwa mgonjwa anayepona ndivyo zinavyopishana. Nikamuuliza lile swali langu la siku ya kwanza na safari hii alikuwa na jibu tayari, alishahesabu kabla hajanipigia, kumi na nane kwa dakika, na mzee ameomba ugali na sato wa kuchemsha.

Ng'ombe hakuuzwa.